Kikapu Kilinitafutia Ndugu

Mtu akinunua ndoo ya plastiki dukani haulizi nani aliitengeneza. Huigonga kwa kidole kuona kama ina ufa, hulipa, huondoka zake. Lakini akishika kikapu cha ukili atakigeuza, atachungulia ndani, kisha atauliza: "Mama, umesuka mwenyewe? Nani alikufundisha?" Sisi tunaouza kazi za mikono tunalijua swali hilo, na wengine linatuchosha, hasa jua likiwa kali na mwulizaji hana dalili ya kufungua pochi. Mimi huwaambia akina mama wenzangu wasichoke nalo. Nina sababu yangu, nayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Nilizaliwa Bagamoyo mwaka 1971, nikalelewa na Bibi, mama yake baba. Nyumba yetu haikuwa mbali na Misheni, ile iliyoanzishwa na mapadre mwaka 1868, lakini majirani zetu wengi walikuwa Waislamu. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, wanawake wa kwetu na wa kwao walikaa kwenye baraza moja na kusuka. Wao walisuka misala ya kuswalia na mikeka ya harusi. Bibi alipenda vikapu, na makawa ya kufunikia chakula. Sisi watoto tulipewa chane zilizoharibika tujifunzie.

Kwa ambao hawaijui kazi hii, niieleze kidogo. Miyaa ni majani machanga ya mkoche, ambao wengine huuita mlala. Hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Zile za rangi huchemshwa. Siku hizi rangi ni ya unga, tunainunua dukani, ila Bibi alikuwa bado anachimba mizizi ya mdaa ili apate nyeusi yake, na nyeusi ile ilikuwa haichuji. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaopimwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa. Ukili huo ndio unaoshonwa kwa shazia, ukizungushwa kuanzia kitako kupanda juu mpaka mdomoni. Kikapu cha kawaida cha sokoni humeza pima saba au nane. Mama mwenye mume, watoto na kuku wa kuangalia akimaliza kimoja kwa siku tatu, amejitahidi.

Bibi alikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaona kwa msusi mwingine pale barazani. Kwanza, katika mzunguko wa mwisho wa ukili alisuka chane moja nyekundu, moja tu, upande wa ndani wa mdomo wa kikapu, ambapo mtu haioni mpaka achungulie. Nilipomwuliza alisema vikapu vyote vya wanawake pwani hufanana, samaki wakishuka kila mtu anagombania chake, hivyo yeye aliweka alama. Jibu hilo lilinitosha. Pili, uzi ulipofika mwisho aliuzungusha mara tatu, akaurudisha nyuma na kuuficha chini ya ukili. Wenzake waliita hilo fundo. Yeye aliliita kufuli. "Hujafunga kufuli," aliniambia kila nilipomletea kazi yangu nikidhani nimemaliza.

Alifariki mwaka 1998. Hakuna aliyekuwa na picha yake hata moja.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuhamia Dodoma. Miaka mingi nilisuka kwa kujifurahisha tu, kikapu kimoja kwa ajili ya mnada wa kanisa, kingine zawadi ya ubatizo. Wifi yangu alinitumia mafungu ya miyaa kwa basi kutoka Bagamoyo. Kisha mgongo wa mume wangu ukaanza kumsumbua. Yeye ni fundi bomba, na fundi bomba asiyeweza kuinama hana kazi. Tulikuwa na watoto wawili sekondari. Nikaanza kusuka kwa ajili ya kuuza, na akina mama watatu wa jumuiya yetu wakajiunga nami. Niliwafundisha kila kitu, pamoja na chane nyekundu na kufuli.

Mwanzo biashara ilikuwa ya kubahatisha. Watu walisifu vikapu, halafu wakaenda kununua nyanya na kupewa mfuko wa plastiki bure. Hata hivyo nilianza kuonja utamu ambao sikuutarajia. Siku moja, kwenye basi la kwenda Singida, nilimwona mzee amepakata kikapu na kichwa cha jogoo kimechomoza nje. Nilikitambua kikapu changu kabla ya kuitambua sura ya mzee. Kumbe alipewa na mkwewe, na mkwewe alikinunua kwangu nje ya kanisa miaka miwili nyuma. Tulizungumza njia nzima. Alinishukuru, lakini akanilaumu kwamba mishikio ni mifupi mno kwa mtu wa kijijini anayetundika mzigo begani. Tangu siku hiyo mishikio yangu ni mirefu zaidi. Hakuna semina ingenifundisha hilo.

Halafu ikaja tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2017. Ghafla kila aliyekwenda sokoni alihitaji kitu cha kubebea, na kikapu ambacho mabinti walikiona cha kizamani kikawa fasheni. Katika wiki mbili tulimaliza akiba yetu yote. Tulifurahi, tukachoka, vidole vikatoka malengelenge.

Mwezi Julai akatujia mfanyabiashara mmoja. Alitaka vikapu 200, na baada ya hapo vingine 200 kila baada ya miezi mitatu. Tulitazamana. Lakini alikuwa na masharti. Bei iwe shilingi 6,000 badala ya 10,000. Tushonee uzi wa nailoni, maana ni wa haraka. Na ile chane nyekundu iondolewe, kwa sababu vikapu alitaka kuvichanganya na vya vikundi vingine na vyote vifanane. Alisema atarudi kuchukua jibu baada ya Nanenane.

Tulikaa chini kupiga hesabu, na nawashauri akina mama mnaoanza biashara mfanye hivyo hivyo, kwa kalamu, si kwa kichwa. Miyaa, nauli ya mzigo na rangi vilitugharimu 2,500 kwa kikapu. Mishikio ya ngozi 2,000. Kwa bei yetu tulibaki na 5,500 kwa kazi ya siku tatu. Kwa bei yake, 1,500. Nailoni ingetuokolea muda, lakini si muda wa kuziba pengo hilo. Kwa upande mwingine, fedha yake ilikuwa ya uhakika, na sisi tulikuwa tunauza leo bila kujua kesho. Mume wangu alisema tukubali. Alisema kwa upole, akitazama pembeni, nami nilijua anafikiria ada ya muhula uliofuata. Mmoja wa wenzangu alisema chane nyekundu hailipi kodi ya nyumba. Hakuwa amekosea. Nikasema tungoje Nanenane ipite.

Tulipata nafasi ndogo kwenye maonyesho pale Nzuguni, kimeza kimoja chini ya turubai. Siku ya tatu alikuja mama wa umri wangu hivi, mkononi ana mfuko wa karatasi ambao ulikuwa umechanika chini. Alishika kikapu, akakigeuza kama wote wanavyofanya. Akapitisha kidole ndani ya mdomo wake na kusimama kwenye nyekundu.

"Dada, hii umeiweka makusudi?"

"Ndiyo. Ni alama yetu."

Kidole kikaendelea mpaka mwisho wa uzi, akabonyeza. "Na hii kufuli umefunga wewe?"

Nilikuwa namhesabia mteja mwingine chenji. Niliacha hela mezani.

"Umesema nini?"

"Kufuli," alirudia, kidogo akiona haya. "Ndivyo tulivyofundishwa kuiita tukiwa wadogo. Labda kuna jina jingine."

Nilimwuliza alifundishwa na nani. Akasema na mwalimu wao wa shule ya msingi, Ifakara, miaka ya themanini mwanzoni. Mimi sijawahi kukanyaga Ifakara. Bibi hakuwahi kukanyaga Ifakara. Nilimvuta kiti, nikamkalisha nyuma ya meza, nikamwomba anieleze taratibu. Yule mteja wa chenji naye hakuondoka. Alisimama pale pale kusikiliza.

Yeye ni mtumishi wa serikali, alihamia Dodoma ofisi zao zilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Shuleni kwao, katika vipindi vya kazi za mikono, kila mtoto alisuka ukili. Kwao hawatumii miyaa, wanatumia ukindu, ambao ni mlaini zaidi na umejaa kwenye bonde la Kilombero. Mwalimu aliwadai wote waweke chane moja nyekundu na wafunge kufuli, na asiyefunga alirudishwa nyuma ya mstari. Je, mwalimu huyo alitokea wapi? Hakujua. "Lakini tunaweza kumwuliza," alisema, na kutoa simu. "Amestaafu, ila yupo."

Mpenzi msomaji, unaweza kufikiri moyo wangu ulikuwaje wakati simu inaita. Sauti ya mama mtu mzima ikapokea. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza kwa maneno yanayogongana: natokea Bagamoyo, nyumba ya baraza ndefu karibu na Misheni, bibi yangu alikuwa msusi. Kimya. Kisha akasema, "Wewe ndiwe yule mtoto aliyekuwa anakula chaki zangu?"

Nilikaa chini. Nilikuwa na miaka mitano au sita wakati ule. Nakumbuka kwa mbali kwamba uani kulikuwa na chumba, na katika chumba hicho aliishi Mwalimu, na Mwalimu alikuwa na chaki. Uso wake siukumbuki. Alipangiwa kufundisha Bagamoyo mwaka 1976, akitoka chuo, binti wa bara asiyejua hata kukuna nazi. Mume wake alipangiwa kazi kwingine, kama ilivyokuwa kwa watumishi wengi. Bibi alimpangisha chumba, akamfundisha kusuka ili jioni zisiwe ndefu. Mwaka 1979 alihamishiwa Ifakara. Waliandikiana barua mbili tatu kwa mkono wa watu, maana Bibi hakujua kusoma, kisha mawasiliano yakakatika.

"Bibi yuko wapi?" aliniuliza. Ikabidi nimwambie.

Siku ile tuliuza vikapu vinane. Mteja wa chenji alinunua viwili, akasema hawezi kuondoka mikono mitupu baada ya kusikia mambo kama hayo.

Mfanyabiashara aliporudi nilimpa jibu letu. Nyekundu inabaki, uzi unabaki wa miyaa, na bei ni 8,000 kwa anayechukua vingi. Sikumsimulia habari za Ifakara, zisingemhusu. Nilimwambia tu kwamba alama ile imetuletea wateja kwenye maonyesho, jambo ambalo ni kweli. Alicheka, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, tukavutana, akachukua vikapu 60 kwa 7,500. Si 200. Ada ya mtoto mmoja ililipwa kwa wakati, ya yule wa pili tuliiomba subira shuleni, na tukapewa. Mume wangu alijifunza kukata ngozi na kushona mishikio akiwa amekaa, hivyo ile 2,000 ikabaki nyumbani. Fundi wa mishikio niliyemwacha bado ananinunia.

Desemba mwaka huo nilisafiri kwenda Ifakara. Kutoka Mikumi unaingia kushoto, unapita mashamba ya miwa ya Kilombero, na baada ya hapo, wakati ule, ilikuwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwalimu alinipokea stendi yeye mwenyewe, na fimbo yake, na alinijua kabla sijamjua. Alikuwa amepika samaki kwa nazi. "Nimejifunza kukuna," alisema.

Baada ya chakula alileta bahasha. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na unyevu. Bibi yangu amekaa barazani, miguu ameinyoosha, shazia mdomoni, anamtazama mpiga picha kama mtu anayemcheleweshea kazi. Pembeni yake kuna mtoto mwenye mdomo mweupe kwa chaki. Nililia, sikuficha.

Usiku, taa ikiwa imepunguzwa, nilimsimulia jinsi Bibi alivyoweka chane nyekundu ili asichanganye kikapu chake pwani. Mwalimu alininyamazia kwa muda.

"Hivyo ndivyo alivyokuambia wewe," akasema. "Ulikuwa mtoto."

Akanieleza kwamba mwaka 1978 alijifungua mtoto wake wa kwanza pale Bagamoyo, na mtoto hakumaliza wiki. Mume alikuwa mbali. Mama yake mzazi alikuwa mbali zaidi. Bibi alihamishia mkeka wake chumbani kwa Mwalimu, akalala naye siku arobaini, akamkanda kwa maji ya moto. Usiku mmoja Bibi alimwambia jambo ambalo, alisema, hakuwa amelisema tangu lilipotokea. Kabla ya baba yangu alizaa binti. Binti huyo alifika miaka tisa, akafa kwa homa katika siku mbili. Alikuwa ameanza kujifunza kusuka. Aliacha kipande cha ukili kifupi kuliko mkono, cha chane nyekundu, kwa sababu watoto hupenda rangi. Bibi alikishona kwenye mdomo wa kikapu alichokuwa nacho siku zile, na kilipochakaa, akaweka chane nyekundu kwenye kilichofuata. Na kwenye kilichofuata.

"Na kufuli?" niliuliza.

"Neno la yule mtoto. Kila akimaliza alikimbia kwa mama yake akisema nimefunga kufuli."

Mwalimu hakuwahi kuwaeleza wanafunzi wake habari hiyo. Aliwadai tu waweke nyekundu na wafunge kufuli, mwaka baada ya mwaka. Sijui ni watoto wangapi waliopita mikononi mwake wakitamka neno la binti yule bila kumjua. Mimi nimelitamka maisha yangu yote.

Nimejiuliza kwa nini Bibi alimwambia mpangaji, asituambie sisi wa damu yake. Zamani watu hawakuwataja watoto waliokufa, hilo nalijua. Lakini nadhani pia kwamba kuna mambo mwanamke humwambia mwenzake aliye katika maumivu yale yale, na si kwa mtu mwingine yeyote, hata mwanawe.

Krismasi ile nilikwenda Bagamoyo, nikampelekea baba ile picha, ambayo tulikuwa tumeitolea nakala. Baba alikuwa na miaka 77. Aliishika karibu na macho, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Nilimwuliza kama aliwahi kujua kwamba alikuwa na dada. Alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Nakumbuka nikibebwa mgongoni na mtu ambaye mabega yake yalikuwa madogo. Siku zote nilifikiri nimeota."

Tulikwenda pamoja makaburini, lakini kaburi la mtoto halikuonekana. Sehemu ile ya zamani haina alama tena. Baba alichagua mahali, akasimama hapo, akavua kofia.

Mwalimu na mimi tunapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni akina mama wenye wajukuu, wameunda kikundi, na hutupakilia ukindu kwenye basi, nasi huwapelekea mishikio anayokata mume wangu. Mzigo wa mwisho ulifika umelowa, nimeuanika uani tangu asubuhi. Mkipata ukindu wenye unyevu, akina mama, msiukunje wala kuufungia kwenye mfuko. Uanikeni siku hiyo hiyo, la sivyo utaota ukungu na rangi haitashika.